Bega Linalouma Miezi Kadhaa Baada ya Kuumia: Mwongozo Kamili wa Kulirudisha Kazini

Ajali yenyewe ilikuwa ya sekunde mbili. Bodaboda iliteleza kwenye mchanga, ukautanguliza mkono ili kuuokoa uso, ukainuka ukajipangusa. Au ulikuwa juu ya ngazi unapaka rangi, ukadondokea bega. Wiki ya kwanza palivimba, ukachuliwa dawa, ukameza vidonge, uvimbe ukaisha. Sasa ni mwezi wa tatu. Mkono unaonekana mzima na hakuna anayekupa pole tena, lakini usiku ukilalia upande ule unazinduka, na asubuhi kuvaa shati ni shughuli.

Kazi yangu ni fiziotherapia, na mtu wa namna hiyo huingia chumbani kwangu karibu kila siku. Wengi huja wakiwa wamepitia njia moja kati ya mbili. Ama wameubana mkono kifuani wiki kwa wiki wakisubiri upone, ama wamelipeleka bega kwa mkandaji, likavutwa na kukandwa mpaka machozi yakatoka. Njia zote mbili zinaruka swali lililopaswa kuja kwanza: bega hili lina nini? Kuna bega lililokakamaa, kuna lililodhoofika, na kuna linalotaka kuchomoka. Yote matatu yanauma, na mwenye nalo hawezi kuyatofautisha kwa maumivu peke yake. Lakini zoezi linalolifungua bega lililokakamaa ndilo litakalolichomoa lile lililolegea. Ndiyo maana zoezi alilopewa jirani yako likamponya, wewe usiliige kabla hujajipima.

Yasiyosubiri mwongozo

Kabla ya yote, angalia kama una mojawapo ya haya. Ukiwa nalo, nenda hospitali leo.

Bega limebadilika umbo, limebonyea pembeni au mfupa umejitokeza mbele. Mkono una ganzi, umekuwa wa baridi au umepauka. Ulianguka, na tangu siku ile huwezi kabisa kuunyanyua mkono kwa nguvu zake wenyewe. Bega ni jekundu, la moto, limevimba, nawe una homa. Hayo yanaweza kuwa maambukizi ndani ya kiungo, na usaha huharibu gegedu kwa siku chache tu. Maumivu hayapungui usiku wala mchana hata ukiwa umetulia, unapungua uzito au unatoka jasho usiku. Kifua kikuu hukaa kwenye viungo pia, na kuna uvimbe wa saratani unaojificha nyuma ya kisa cha "nilianguka".

Mawili mengine hayahusu bega, ingawa huumia hapo. Bega la kushoto likiuma pamoja na kifua kubana, jasho jembamba na pumzi kukatika, huo unaweza kuwa moyo. Na mtu aliyegongwa tumboni au mbavuni, kisha ncha ya bega la kushoto ikaanza kumuuma bila yeye kugongwa hapo, apelekwe haraka: bandama linaweza kuwa linavuja damu ndani.

Kwa nini bega husumbua hivi

Kiungo cha nyonga ni kama mchi ndani ya kinu: kimezama, kimeshikwa pande zote. Bega ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisosi. Kisosi ni kidogo, chungwa ni kubwa, ndiyo maana mkono unaweza kufika karibu kila upande, na ndiyo maana hakuna kiungo kikubwa mwilini kinachochomoka mara nyingi kuliko hiki. Kinacholizuia chungwa lisibingirike ni mfuko laini wa kiungo na misuli minne midogo inayotoka kwenye fupa la bega mgongoni na kulikumbatia kwa kano zake, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha msuli na mfupa.

Ukianguka, mambo mawili hutokea. Kitu fulani huumia pale pale, labda kano, labda mfuko, labda kiungo kidogo cha juu ambako mtulinga hukutana na bega. La pili huja polepole. Kwa kuogopa maumivu unaacha kuutumia mkono, misuli ile minne inalala, mfuko unajikunja, na misuli ya shingo inajitwika kazi isiyo yake. Jeraha la kwanza linaweza kuwa limepona mwezi wa pili. Kinachouma mwezi wa tano mara nyingi ni hili la pili.

Hatua ya kwanza: jipime mbele ya kioo

Vua shati. Mwenye kanga ajifunge kifuani ili mabega yote mawili yaonekane. Kila kipimo anza na upande mzima, maana ndio utakaokuonyesha kawaida yako wewe.

Anza na kipimo ninachokithamini kuliko vyote. Bana viwiko ubavuni, vikunje kama umebeba sinia, vidole vielekee mbele. Sasa fungua mikono kwenda nje kama unavyofungua milango miwili ya kabati, viwiko visiachane na ubavu. Linganisha. Kama upande mbovu umefunguka kidogo tu, mwombe mtu wa nyumbani akusukume taratibu, bila nguvu. Ikiwa naye anafika ukingoni na mkono umegoma kama mlango uliofungwa kwa ndani, bega lako limekakamaa. Ikiwa yeye anausogeza mpaka mbali lakini wewe mwenyewe huwezi, mlango uko wazi ila mfunguaji hana nguvu: tatizo ni misuli au kano.

Kisha nyanyua mkono kwa pembeni kuelekea juu, polepole. Wapo ambao mwanzo hauumi, katikati panakata kama kisu, halafu ukipita usawa wa bega maumivu yanalegea. Hiyo ni alama ya kano zinazosuguliwa au zilizojeruhiwa. Ukishafika juu, teremsha mkono taratibu. Mkono ukidondoka wenyewe kama kitu kilichokatika kamba, kano moja inaweza kuwa imechanika.

Weka kiganja cha mkono mbovu juu ya bega la upande wa pili. Maumivu yakiwa sehemu moja unayoweza kuibonyeza kwa kidole, juu kabisa mtulinga unapoishia, basi kiungo kile kidogo cha juu ndicho kilichoumia. Hicho mara nyingi hutulia kwa kuacha kubeba mizigo begani na kuacha pushapu kwa muda.

Kwa aliyewahi kuchomoka: inua mkono polepole kama anayetaka kurusha jiwe. Moyo ukikwambia "litatoka", acha hapo hapo, usilazimishe. Hofu hiyo ndiyo jibu la kipimo.

Mwisho, pima shingo. Geuza kichwa upande unaouma huku ukitazama juu kidogo. Maumivu yakiteremka yakapita kiwiko mpaka vidoleni, chanzo huenda ni shingo, na mazoezi ya bega pekee hayatakusaidia.

Bega lililokakamaa

Hili nitalikalia, kwa sababu ndilo linalowatesa watu muda mrefu na ndilo linaloharibiwa zaidi kwa kuvutwa. Utalijua kwa mambo madogo ya kila siku: mwanamke hawezi kufunga sidiria wala kusuka nywele, mwanamume hafikii mfuko wa nyuma wa suruali, na kwenye takbira mkono mmoja unabaki chini.

Kwanza, tahadhari moja. Ikiwa uliumia kwa kupigwa shoti ya umeme au kwa degedege la kifafa, na tangu hapo mkono hauendi nje kabisa, usikubali kuambiwa "limeganda tu" bila picha. Katika matukio hayo bega linaweza kuchomoka kuelekea nyuma, na eksirei iliyopigwa kwa mbele peke yake huweza kuonekana safi. Omba picha ya upande pia. Nimeona watu waliokaa na bega lililochomoka kwa miezi wakifanya mazoezi ya kulinyoosha.

Ugonjwa wenyewe ulipewa jina la bega lililoganda mwaka 1934 na Codman, daktari mpasuaji wa Boston, na hata leo jina hilo linalieleza vizuri kuliko la kitabibu. Mfuko wa kiungo unavimba, unakuwa mnene, kisha unajikaza. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wote. Mtu wa miaka 50 akija na bega lililoganda, namtuma akapime sukari hata kama hajawahi kuambiwa ana kisukari.

Lina vipindi vitatu. Kwanza maumivu, hasa usiku, kwa miezi kadhaa. Halafu maumivu yanapungua lakini ukakamavu unabaki. Kisha linaanza kulegea lenyewe. Safari nzima huchukua kati ya mwaka mmoja na mitatu. Najua hayo si maneno ya kufurahisha, lakini aliyeambiwa ukweli havurugwi na anayemwahidi kumponya kwa siku tatu.

Katika kipindi cha maumivu, usivute. Fanya haya mara nne au tano kwa siku, dakika tano tu kila mara:

1. Bembea. Inama, shika meza kwa mkono mzima, acha mbovu uning'inie kama kamba ya ndoo kisimani. Tikisa kiuno, mkono ufuate wenyewe: mbele na nyuma, kulia na kushoto, kisha duara dogo. Bega halifanyi kazi hapa, linabembelezwa.

2. Futa meza. Keti, weka kiganja juu ya kitambaa mezani, sukuma kitambaa mbele mpaka uhisi kuvutika, pumua, rudi. Mara kumi.

3. Fimbo. Lala chali, viwiko ubavuni vimekunjwa, shika fimbo ya ufagio kwa mikono yote miwili. Mkono mzima uusukume mbovu kwenda nje. Ukifika ukingoni kaa sekunde 10, rudi.

Maumivu ya usiku yakishatulia, ongeza ukutani: simama karibu na ukuta, vidole viupande ukuta kama buibui, weka alama ya chaki pale vilipofika, na kesho uitafute alama ile tena. Chaki ile imewapa moyo wagonjwa wangu wengi kuliko maneno yangu. Kwa kufika mgongoni, tumia taulo: mkono mzima uko juu umeshika ncha moja, mbovu uko kiunoni umeshika nyingine, wa juu unauvuta wa chini taratibu.

Kuhusu sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, ndani ya kiungo: ikichomwa mapema, wakati wa maumivu makali, huwapa wengi nafuu ya wiki kadhaa, na nafuu hiyo ndiyo nafasi ya kufanya mazoezi. Mwenye kisukari ajue kuwa sukari yake itapanda kwa siku kadhaa, apime mara nyingi zaidi. Ichomwe na daktari aliyeizoea. Isiwe ya kuchomwa dukani.

Bega lililodhoofika

Hapa mlango uko wazi, nguvu hakuna. Kama una zaidi ya miaka 40, ulianguka, na sasa unaunyanyua mkono kwa shida, tafuta ultrasaundi ndani ya wiki chache. Usingoje miezi. Kano iliyochanika kabisa huvuta msuli wake nyuma, msuli ukinyauka na kujaa mafuta, hata mpasuaji hodari hana cha kushonea. Lakini usitishike na kila picha inayosema "mchaniko": wapo watu wengi wenye umri mkubwa ambao kano zao zina michaniko na hawaumwi chochote. Anayetibiwa ni wewe pamoja na picha yako, si picha peke yake.

Kwa wengine wote, mazoezi ndiyo dawa, nayo yanahitaji kama wiki 12. Wengi hukata tamaa wiki ya tatu, wakati misuli ndiyo kwanza inaanza kuitikia.

Wiki mbili za mwanzo, sukuma bila kusogea. Simama kando ya ukuta, kiwiko kimekunjwa, kati ya kiwiko na ubavu weka taulo lililoviringishwa. Sukuma ukuta kwa mgongo wa kiganja kwa nusu ya nguvu zako, hesabu mpaka 10, pumzika. Mara kumi. Geuka, sukuma kwa upande wa kiganja. Kisha kwa ngumi kuelekea mbele.

Baada ya hapo nenda kwa fundi baiskeli, mwombe tyubu kuukuu, kata utepe wa upana wa vidole viwili na urefu wa mita moja na nusu. Ufunge kwenye nondo ya dirisha usawa wa kiwiko. Taulo likiwa pale pale ubavuni, vuta utepe kwenda nje, rudisha kwa kuhesabu tatu. Kurudisha polepole ndiko kunakojenga kano. Anayeachia utepe ujirudie ameikosa nusu ya faida. Geuka uvute kwenda ndani. Halafu ukiwa umeutazama ukuta, vuta mikono yote miwili kama anayepiga makasia, mafupa ya mgongoni yakaribiane. Mizunguko mitatu ya mara kumi, siku tatu kwa wiki, ukiacha siku moja katikati.

Kuanzia wiki ya sita, pushapu ya kusimama ukutani, na chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni nusu kilo kamili, ukiinyanyua mbele kwa pembe kidogo, kidole gumba kikitazama juu.

Namna ya kujua kama unazidisha: yape maumivu alama kutoka 0 hadi 10. Wakati wa zoezi yakifika 4, endelea. Yakipita 5, punguza. Na kesho asubuhi yawe yamerudi kama yalivyokuwa kabla ya zoezi. Yasiporudi, jana ulizidisha. Yapime maumivu, usiyaogope. Kuuma kidogo hakuna maana kwamba unachana kitu.

Bega linalotaka kuchomoka

Mara nyingi ni kijana aliyeanguka kwenye mpira. Likichomoka kabla ya miaka 20, uwezekano wa kuchomoka tena ni mkubwa sana. Huyu asijinyooshe kabisa, mfuko wake tayari umelegea. Mazoezi yake ni yale ya tyubu na ukuta, huku akiepuka mkono kuwa juu na nyuma kwa pamoja: kurusha, smash ya wavu, kushika bomba la daladala akiwa amelipa mgongo. Likichomoka mara ya pili, aonane na mpasuaji wa mifupa.

Na lisirudishwe uwanjani na mwenzake. Najua linarudi, nimeliona likirudi. Lakini ndani yake kunaweza kuwa na mfupa uliovunjika, na karibu na kwapa hupita mshipa wa fahamu ambao ukivutwa unaacha ganzi nje ya bega na msuli usioweza kuunyanyua mkono. Ufungwe mkono kifuani kwa kanga kama ulivyo, aende hospitali.

Usiku

Watu huniuliza kwanza juu ya usiku, na wana haki, maana asiyelala haponi vizuri. Lala chali na khanga iliyokunjwa au mto mdogo chini ya kiwiko, ili mkono usianguke nyuma ya kifua. Ukipenda ubavu, lala upande mzima, ukumbatie mto mkubwa, mkono mbovu upumzike juu yake. Mito miwili ya kukuinua mgongo huwasaidia wengi katika wiki mbaya. Bembea ya dakika tano kabla ya kulala, kisha kitambaa cha maji ya moto dakika 15 juu ya bega. Siku za mwanzo za jeraha lenye uvimbe, tumia barafu iliyofungwa kitambaani badala ya moto.

Dawa na kuchuliwa

Parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24 kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini na mwenye uzito wa kawaida. Angalia dawa nyingine unazomeza, nyingi za mafua zina parasetamoli ndani. Ibuprofeni na diklofenaki husaidia, zimezwe baada ya chakula na kwa siku chache. Asizimeze mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, mjamzito, wala anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mpaka aulize. Mwenye shinikizo la damu naye aulize kwanza. Jeli ya diklofenaki ya kupaka ni nyepesi zaidi kwa tumbo.

Vidonge vidogo vinavyouzwa kwenye bahasha bila jina, vinavyoondoa maumivu usiku mmoja, vikatae. Ndani yake mara nyingi kuna steroidi, na utavilipia kwa sukari, mifupa na presha.

Kuchua mafuta kwa mkono mwepesi shingoni na mgongoni hakuna ubaya, na hupunguza mkazo. Kinachoniuma ni kuvuta na kukunja. Niliwahi kumpokea mama mwuza vitumbua aliyevutwa mkono na watu wawili mpaka mfupa wa juu wa mkono ukavunjika. Bega lake lilikuwa limeganda tu. Lingelegea.

Kazini, na lini urudi kuonwa

Usiache kazi zote, zipange upya. Ndoo ya lita 20 igawe kuwa mbili za 10 na uzibebe karibu na mwili. Vitu vya kila siku vishushe kutoka rafu ya juu hadi usawa wa kifua. Dereva wa bodaboda ashushe usukani kidogo ili viwiko visikae juu, na kila abiria anaposhuka, azungushe mabega mara tano. Anayepiga pasi au kufua kwa saa nzima abadili mkono, au agawe nguo mafungu mawili.

Wiki ya sita rudi mbele ya kioo, rudia vipimo vyote, andika. Kama hakuna hata kimoja kilichosogea, nenda kwa mtaalamu. Hospitali nyingi za mikoa zina chumba cha fiziotherapia, na kwa yanayohitaji mpasuaji wa mifupa, hapa Tanzania kuna MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, na hospitali za KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Ukifika, usiseme "bega linauma" ukanyamaza. Sema uliangukaje na mkono ulikuwa wapi, unashindwa kufanya nini hasa, usiku unaamka mara ngapi, umefanya mazoezi gani kwa wiki ngapi, na sukari yako ilisoma ngapi. Chukua na eksirei zote za zamani, hata ile iliyopauka.